Kutengeneza kadi kwa GIMP na kuihamisha kati ya Linux, Windows na Mac bila kuharibika: mwongozo kamili

Mwaka juzi nilitengeneza kadi ya mwaliko wa harusi ya binamu yangu nikiwa nyumbani Morogoro, kwenye laptopu yenye Linux. Niliimaliza usiku, nikaiweka kwenye flashi, na asubuhi nikaenda mjini kuiprinti. Kijana wa kwenye kompyuta aliifungua kwenye Windows ikatokea vilevile nilivyoiacha: majina ya maharusi kwa mwandiko wa kalamu, ua pembeni, mstari wa dhahabu chini. Tatizo lilianza shangazi alipopiga simu kwamba ibada imesogezwa kutoka saa nane hadi saa tisa. Kijana akabofya kwenye maandishi, akafuta neno moja tu, na pale pale aya nzima ikabadilika mbele ya macho yetu. Mwandiko wa kalamu ukawa herufi nene za kawaida, mistari ikavimba, na jina la ukumbi likakatika katikati. "Kaka, fonti yako haipo hapa," akaniambia. Kadi 300 zilikuwa zinasubiriwa na kamati jioni ile.

Nimesimulia hili kwa sababu linaonyesha kitu ambacho miongozo mingi haikiruki kwa makusudi, ila haikifikirii. GIMP, programu ya kuhariri picha, ipo kwenye Windows, Linux na Mac, na faili lake linafunguka kotekote. Lakini faili kufunguka ni jambo moja, na kazi kufika salama ni jambo lingine. Kwenye faili la GIMP kila maandishi yanahifadhiwa mara mbili: kama picha iliyokwisha kuchorwa, na kama maelezo ya jinsi ya kuichora, yaani maneno, ukubwa na jina la fonti. Fonti yenyewe haimo. Usipogusa maandishi unaiona ile picha, kila kitu kinapendeza. Ukiyagusa, programu inachora upya kwa fonti iliyopo kwenye kompyuta hiyo. Tulichokiona asubuhi ile ndicho hicho.

Basi mwongozo huu unafuata kazi moja, kadi ya mwaliko ya ukubwa wa A6, kuanzia kupakua programu hadi kadi ya kwanza kutoka kwenye printa.

Chagua programu kulingana na kazi, kisha angalia inakokwenda

GIMP ndiyo ninayoipendekeza kwa picha na kadi. Waliianzisha Spencer Kimball na Peter Mattis mwaka 1995 wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ikatolewa kwa umma mwaka 1996. Jina la faili lake, XCF, linatokana na klabu ya kompyuta ya chuoni hapo. Ilizaliwa kwenye mifumo ya Unix, na baadaye Tor Lillqvist, mtaalamu kutoka Ufini, akaihamishia Windows. Leseni yake ni GPL, maana yake unaruhusiwa kuitumia kibiashara, kuiweka kwenye kompyuta zote za steshenari yako na kumpa jirani nakala, bila kulipa wala kuomba ruhusa ya mtu. Kwa mwenye duka dogo hili ni jambo kubwa. Nimeona laptopu nyingi zimejaa virusi vilivyoingia na programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, na mwenye laptopu akidhani amepata kitu cha bure.

Kama kazi yako ni kuchora kwa mkono, hasa kwa kalamu ya kidijitali, tumia Krita. Ipo Windows, Linux na Mac, na kuna toleo la Android kwa ajili ya tableti. Kama ni nembo, stika au kitu kitakachokuzwa hadi ukubwa wa bango la barabarani, tumia Inkscape, ambayo faili lake la SVG halipotezi ukali likikuzwa. Paint.NET ni nyepesi na nzuri, lakini ni ya Windows peke yake. Ukianza kazi ndani yake na kesho ukahamia Linux, umeiacha nyuma.

Photopea inahitaji maelezo kidogo. Si programu ya kusakinisha. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, hivyo haijali kama una Windows, Chromebook au simu. Inafungua PSD, yaani faili la Photoshop, na hata XCF, na picha zako zinashughulikiwa kwenye mashine yako bila kupelekwa kwenye seva yao. Ni ya bure ila ina matangazo, na si programu huria. Mimi naitunza kama tairi la akiba: nikifika mahali ambapo hakuna GIMP wala ruhusa ya kusakinisha chochote, nafungua Photopea.

Kusakinisha: toleo ni muhimu kuliko mfumo

Kwa Windows na Mac, pakua kisakinishi kutoka gimp.org peke yake. Ukiitafuta kwenye intaneti utakutana na tovuti nyingi zenye vitufe vikubwa vya kijani vya kupakua, na nyingine huambatanisha takataka.

Kwenye Windows, bofya faili ulilopakua mara mbili na ufuate maelekezo. Kwenye Mac, utaulizwa uchague kati ya kompyuta yenye prosesa ya Intel na yenye prosesa ya Apple. Bofya alama ya tufaha juu kushoto, kisha About This Mac, utaona uliyo nayo. Kwenye Linux, usitosheke na toleo linalokuja na mfumo wako, kwa kuwa mara nyingi limepitwa na wakati. Tumia Flatpak, njia ya kusakinisha programu inayofanya kazi kwenye Linux za aina nyingi. Kama tayari umeunganisha Flathub, hazina ya programu zake, amri ni moja:

flatpak install flathub org.gimp.GIMP

Sasa sikiliza kwa makini hapa. GIMP 2.10 ilitoka mwaka 2018, na GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025. Toleo la 3.0 linadai Windows 10 au zaidi, na kwa Mac linadai macOS 11 au zaidi. Kompyuta nyingi za steshenari bado zina Windows 7, kwa hiyo huko utakuta 2.10. Toleo jipya linafungua mafaili ya zamani bila shida. Kinyume chake ndicho chenye matatizo. Toleo la 3.0 lina uwezo wa kuweka athari kama kivuli au ukungu juu ya tabaka (layer, yaani moja ya picha zinazopangwa juu ya nyingine kuunda kazi nzima) na kuziacha zikiwa hai, ukaweza kuzirekebisha hata baada ya wiki. Faili lenye athari hizo hai, 2.10 italikataa kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza kazi, mpigie simu atakayeiprinti. Muulize ana GIMP toleo gani, au kama hana kabisa. Dakika mbili za simu. Kama ana 2.10 na wewe una 3.0, kila unapoweka athari utaona chini ya dirisha lake kisanduku kilichoandikwa Merge filter. Kiwekee alama, na athari itaungana na tabaka moja kwa moja.

Programu jalizi (plugins, vipande vya kuongezea GIMP uwezo) nazo zinafuata sheria hiyo hiyo. Zile zilizoandikwa kwa ajili ya 2.10 hazifanyi kazi kwenye 3.0 mpaka mwandishi wake azirekebishe, kwa sababu 3.0 imebadilisha namna programu jalizi zinavyoongea nayo, na zile zilizoandikwa kwa lugha ya Python zinatakiwa kuhamia Python 3. Ukiona mafunzo ya zamani yanakwambia usakinishe programu jalizi fulani, angalia kwanza ni ya toleo gani.

Folda moja, kila kitu ndani

Kabla ya kufungua GIMP, tengeneza folda ya kazi. Yangu huwa hivi: folda kuu inaitwa kadi_harusi, na ndani yake kuna folda nne, yaani chanzo, picha, fonti na tayari. Chanzo ni la XCF. Picha ni ua, mapambo na kila kitu nilichokipakua. Tayari ni la mafaili ya kuprinti.

Majina yaandike kwa herufi ndogo, bila nafasi. Linux inaona Ua.JPG na ua.jpg kama mafaili mawili tofauti. Windows inaona ni moja, na ukiyanakili pamoja moja litafuta jingine. Vilevile Linux itakuruhusu kuandika jina lenye nukta pacha, kwa mfano ratiba 9:00, na Windows italikataa jina hilo ukijaribu kulinakili huko.

Kufungua karatasi

Kwenye menyu ya File chagua New. Kabla ya kuandika upana na urefu, fungua sehemu ya Advanced Options na uweke X resolution na Y resolution kuwa 300, yaani pikseli 300 kwa inchi. Anza na hiyo, ndipo vipimo vya milimita vigeuzwe kuwa pikseli sahihi.

A6 ni milimita 105 kwa 148. Usiandike hivyo. Andika 111 kwa 154, yaani ongeza milimita 3 kila upande. Kisu cha kukatia karatasi hakikati mahali pale pale kila mara. Kadi ikiwa imeishia pembeni kabisa, nyingine zitatoka na ukingo mweupe kama uzi. Zile milimita 3 ni za kutupa. Ukishaweka vipimo utapata pikseli 1311 kwa 1819. Kisha bofya kwenye rula ya juu na ya pembeni, uvute mistari ya mwongozo hadi pikseli 35 kutoka kila ukingo. Mstari huo ndipo kisu kitakapopita. Maandishi yakae ndani zaidi, angalau milimita 5 kutoka kwenye mstari.

Kwenye dirisha lile la New, kabla hujabonyeza OK, kuna sehemu ya Precision. Iache kwenye 8-bit integer kama laptopu yako ina RAM ya GB 4. Hesabu yake ni rahisi. Pikseli moja katika hali hiyo inakula baiti 4. Bango la A3 kwa 300 lina pikseli 3508 kwa 4961, hivyo tabaka moja linakula karibu MB 70. Ukichagua biti 32, tabaka lile lile linakula karibu MB 280, na matabaka kumi yanaimaliza RAM yako kabla hujaanza kuandika. Wanaosema GIMP ni nzito, wengi wao wamejaza matabaka makubwa kwenye mashine ndogo bila kujua.

Maandishi na fonti

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, nami nitakaa kidogo.

Tumia fonti zenye leseni huria, inayojulikana kama Open Font License. Google Fonts imejaa fonti za namna hiyo. Kwa majina ya maharusi napenda Great Vibes, na kwa maelezo ya ukumbi na muda natumia Noto Sans, inayosomeka hata na bibi asiye na miwani. Leseni huria inakupa ruhusa ya kubeba faili la fonti kwenye flashi na kulisakinisha kwenye kompyuta ya duka. Fonti ya kulipia uliyoikuta kwenye Windows yako haikupi ruhusa hiyo, na kwenye Linux ya mwenzako haipo.

Ukipakua fonti, iweke kwenye folda ya fonti ya kazi yako kwanza. Kisha isakinishe: kwenye Windows bofya kulia uchague Install, kwenye Mac bofya mara mbili, kwenye Linux inakili hadi .local/share/fonts ndani ya folda yako ya nyumbani. Kama kompyuta si yako na huruhusiwi kusakinisha, GIMP ina folda yake ya fonti. Nenda Edit, Preferences, Folders, Fonts, uongeze folda ya fonti iliyo kwenye flashi yako. Kwenye Mac, Preferences inaitwa Settings na iko chini ya jina la programu. Funga GIMP, ifungue tena, na fonti zitaonekana. Ningelijua hili asubuhi ile, tungemaliza kabla chai haijapoa.

Bonyeza T, andika maandishi yako, kila kundi kwenye tabaka lake: majina, tarehe, ukumbi, namba za simu za kamati. Yatenganishe hata kama ni mistari miwili. Mtu akibadilisha muda, aguse muda tu.

Ukimaliza, fanya hivi kwa kila tabaka la maandishi. Lirudufu kwa Ctrl+Shift+D. Kwenye nakala, bofya kulia uchague Discard Text Information. Nakala hiyo sasa ni picha tupu, haiwezi kubadilika kamwe. Tabaka la awali lizime kwa kubofya alama ya jicho, ulipe jina kama muda_kurekebisha. Mtu akifungua faili bila fonti zako, ataona na kuprinti kile ulichokikusudia. Akitaka kurekebisha, atalikuta tabaka hai limelala pale chini, na jina linamwambia kazi yake.

Kuhifadhi si kutoa

GIMP inatenganisha mambo haya mawili tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, na wageni wengi huchanganyikiwa. Ctrl+S inahifadhi XCF tu, yaani chanzo chenye matabaka yote. Kupata JPG, PNG au PDF unatumia Ctrl+Shift+E (Export, yaani kutoa). Kwenye Mac weka Command mahali pa Ctrl.

Kwa kuprinti, toa nakala mbili: PDF, na TIFF au PNG. PNG na TIFF hazipotezi chochote. JPG inapoteza kila unapoihifadhi upya, na utaona vumbi kuzunguka herufi nyembamba. Ikibidi, iweke ubora wa 95. Kwa kutuma WhatsApp toa PNG ndogo ya pikseli 1080 kwa upana, kwa kwenda Image kisha Scale Image, ila ukimaliza rudisha kwa Ctrl+Z kabla hujahifadhi chanzo. Nimewahi kuona mtu akihifadhi chanzo kilichopunguzwa, kazi ya siku tatu ikabaki saizi ya stempu.

Rangi ndiyo inayowaudhi wateja zaidi. Skrini inatoa mwanga, wino haitoi. Kijani cha kung'aa na bluu ya umeme hufifia kwenye karatasi, na hakuna programu inayoweza kuzuia hilo. Kama duka linatumia mashine ya kidijitali, peleka sRGB ya kawaida, yaani rangi za skrini, na uiache mashine igeuze. Kama ni mtambo mkubwa wa ofseti, omba profaili ya rangi ya CMYK (rangi nne za wino wa kuprinti) wanayoitumia, GIMP 3.0 inaweza kukuonyesha rangi zitakavyotoka, na kutoa TIFF au JPG ya CMYK. Dhahabu kwenye skrini ni njano na kahawia vilivyochanganywa tu. Anayetaka dhahabu ya kweli aulize kuhusu kupiga foili.

Ukipewa PSD, au ukiombwa PSD

GIMP inafungua PSD, na matabaka yanakuja. Lakini kwenye matoleo niliyotumia maandishi yanafika kama picha, hayahaririki, na vitu vilivyopachikwa ndani ya PSD kama faili jingine navyo vinakuwa picha. Ukipewa PSD na mteja anataka ubadilishe jina, usihangaike kufuta herufi kwa brashi. Ifungue kwenye Photopea, badilisha jina pale, kisha toa PNG. Upande wa pili, ukitoa PSD kutoka GIMP mwambie anayepokea kwamba maandishi hayataweza kuhaririwa, umpe na orodha ya fonti.

Kati ya GIMP na Krita kuna njia nzuri zaidi, faili la OpenRaster lenye mwisho wa .ora, ambalo programu zote mbili zinalisoma na kuliandika na matabaka yake. Na ukiingiza picha kwenye Inkscape, utaulizwa kama unataka kuipachika au kuiunganisha. Chagua Embed. Ukiiunganisha, SVG inakumbuka tu njia ya kuelekea picha kwenye kompyuta yako, na ikifika kwa mwenzako anaona alama ya picha isiyopatikana.

Safari ya kwenda dukani

Nakili folda nzima, usichague faili moja moja. Flashi iwe imefomatiwa kwa exFAT, mpangilio wa kuhifadhi mafaili ambao Windows, Mac na Linux za sasa zote zinasoma na kuandika. Toa flashi kwa utaratibu, hasa kwenye Linux: upau wa kunakili unaweza kuonekana umeisha huku data bado inaandikwa.

Ukituma kwa WhatsApp, bofya alama ya kiambatisho uchague Document, usichague picha kutoka kwenye galari. Ikienda kama picha inapunguzwa, na kadi ya pikseli 1819 inafika imechoka. Bora zaidi, finya folda yote iwe ZIP moja uitume hivyo.

Kwenye flashi yangu ninabeba pia GIMP Portable kutoka PortableApps.com. Inafanya kazi kwenye Windows moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, na fonti zangu nimeshaielekeza zilipo.

Ukifika, usiondoke kwenye kompyuta ya duka kabla ya kufanya haya. Fungua PDF uikuze hadi asilimia 100, usome majina ya maharusi herufi kwa herufi, kisha namba za simu tarakimu kwa tarakimu. Fungua XCF uguse tabaka moja la maandishi hai. Fonti ikishika, salama. Mwambie kijana azime chaguo la kuitosheza kazi kwenye ukurasa, maana printa nyingi hupunguza kazi kidogo zenyewe na vipimo vyako vinapotea. Aprinti moja. Ikate kwenye mstari, uipime kwa rula: milimita 105 kwa 148. Ipeleke nje kwenye mwanga wa jua uiangalie rangi, kwa kuwa taa za duka hudanganya. Ukiridhika, rudi ndani umwambie aendelee na 299 zilizobaki.